Redio ya Mawimbi na Waswahili wa Ghuba: Ilikotoka na Inakokwenda

Tarehe 27 Januari 2023 redio ya Idhaa ya Kiarabu ya BBC ilinyamaza baada ya miaka 85 hewani. Ilianza tarehe 3 Januari 1938, nayo ndiyo iliyokuwa idhaa ya kwanza ya lugha ya kigeni kufunguliwa na shirika hilo. Miaka miwili baadaye, katikati ya Machi 2025, Sauti ya Amerika nayo ikakatika, na watangazaji wake, wakiwemo wa Kiswahili, wakapewa likizo ya lazima. Tangu 1942 kituo hicho hakijawahi kunyamaza. Kwa vijana wetu wa Maskati, Dubai na Doha khabari hizi zilipita kama upepo. Kwa sisi tuliopindukia miaka hamsini ilikuwa kama kuambiwa kuwa jirani wa zamani amehama bila ya kuaga.

Nimeombwa mara kadhaa na vijana wa ukoo wetu niwaeleze redio ilikuwa na nini hata wazee waililie. Haya ni maelezo yangu, na nimeyapanga kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kugeuza kitufe cha redio akatafuta stesheni kwa kidole na sikio.

Mawimbi yenyewe

Anayesema "redio inakufa" huwa ametia vitu vitatu au vinne ndani ya neno moja, na kila kimoja kina maradhi yake.

FM, ile tunayoisikia garini, husafiri kwa mstari ulionyooka. Mnara ukiwekwa juu ya mlima unafika kilomita 80 au 100, kisha dunia inajipinda na sauti inapotea. Ndiyo maana anayetoka Maskati kwa gari kwenda Nizwa au Suri hubadilisha masafa njiani kufuata stesheni ile ile. Sauti yake ni safi, mitambo yake si ya bei kubwa, na hali yake si mbaya hata kidogo.

Mawimbi ya kati, yale yaliyoandikwa MW kwenye uso wa redio, mchana hutambaa juu ya ardhi. Usiku hupanda angani na kurudi chini mbali zaidi. Juu ya maji ya chumvi yanakwenda vizuri kuliko juu ya mchanga mkavu, na ndiyo sababu watu wa pwani ya Batina walizoea kuzisikia stesheni za Iran usiku kama kwamba ziko mtaa wa pili.

Mawimbi mafupi ndiyo yenye maajabu. Yanarushwa kuelekea juu, yanagonga tabaka la anga lililochajiwa na jua kilomita mia na zaidi juu ya vichwa vyetu, yanarudi chini, yanagonga bahari au ardhi, yanapanda tena. Kutoka Unguja hadi Maskati ni karibu kilomita 3,900 kwa mstari wa ndege, na mruko mmoja au miwili inatosha. Hakuna satalaiti, hakuna waya, hakuna kampuni ya simu katikati, wala hakuna anayejua kuwa wewe unasikiliza. Sauti huja ikipanda na kushuka kama mashua kwenye mkondo. Waliozoea walikuwa wakiifuata khabari hata pale maneno mawili matatu yalipomezwa.

Intaneti ni kitu kingine kabisa. Redio hutangaza mara moja, na kama wanaosikiliza ni watu kumi au milioni kumi umeme wa mtambo ni ule ule. Kwenye intaneti kila msikilizaji hupelekewa nakala yake, na kila nakala ina gharama pande zote mbili. Stesheni inayotuma sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 29 kwa saa. Asikilizaye saa mbili kila siku anamaliza gigabaiti 1.7 kwa mwezi. Kwa mshahara wa Maskati si kitu. Kwa mvuvi wa Micheweni anayenunua bando la siku moja moja, hizo ni pesa za unga.

Sauti zilizotulea

Kabla ya redio, muziki wa nyumbani ulisikika kwa santuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurikodi mwaka 1928, na akafariki 1950. Sauti ya Unguja ilianza mwaka uliofuata, 1951, mwaka ule ule ambao Dar es Salaam nayo ilianza kutangaza. Mombasa ilikuwa na Sauti ya Mvita. Hizi zilikuwa stesheni za Serikali ya kikoloni, zenye khabari za Serikali, lakini watu hawakuwa wakizifungua kwa ajili ya Gavana. Walizifungulia taarabu, kalima za Ramadhani, michezo ya kuigiza, bei za karafuu.

Ushindani wa kweli ulikuja kutoka Cairo. Sawt al-Arab ilianza 1953, na mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili kuelekea Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa sauti zake alikuwepo Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa mwambao kumsikia mtu wa kwao akiusema ukoloni vibaya, kwa Kiswahili chao, ndani ya nyumba zao, na polisi hawana la kufanya. BBC ilifungua Idhaa yake ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, miezi michache baada ya vita vya Suez. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jibu kwa Cairo kuliko lilivyokuwa zawadi kwetu. Peking ikafuata 1961, na Sauti ya Ujerumani kutoka Cologne 1963. Moscow nayo ilikuwemo.

Wakubwa waligombana na sisi tukafaidika. Kijana wa Ng'ambo mwenye redio moja ya transista alikuwa na khabari za kambi zote za dunia kabla ya kulala, kwa lugha yake, bila ya kulipa. Sidhani kama kizazi chochote cha Waswahili kimepata tena uwanja mpana kama ule. Simu ya leo ina vingi zaidi, lakini mashine huchagua kukuonyesha kile unachokwisha kukiamini.

Lipo jambo jengine ambalo haliwezi kurukwa katika ukurasa kama huu. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 watu wa Unguja na Pemba walijua kuwa Serikali imepinduliwa kwa kusikia redioni sauti wasiyoijua. Stesheni ya Raha Leo ilikuwa imetekwa, na John Okello, aliyejiita Field Marshal, alikuwa akitoa amri na vitisho kwa kipaza sauti kile kile kilichokuwa kikileta taarabu. Nimewasikia wazee wengi hapa Omani wakisimulia siku ile, na takriban wote huanza na redio: nani alikuwa chumbani, nani aliambiwa apunguze sauti. Redio haina wema wala uovu wa kuzaliwa nao. Ni chombo, na aliyekishika ndiye anayesema.

Kitufe cha jioni cha Maskati

Redio ya Omani ilianza mwisho wa Julai 1970, siku chache tu baada ya Sultan Qaboos kushika utawala tarehe 23 ya mwezi huo. Televisheni haikuja mpaka Novemba 1974. Kwa hivyo kwa miaka minne ya mwanzo, nchi iliyokuwa ikijengwa kutoka chini ilisikika kabla ya kuonekana.

Waomani waliokuwa wakirudi kutoka Unguja, Pemba, Bara, Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo waliikuta redio ya Kiarabu, na wengi wao Kiarabu chao kilikuwa cha msikitini, si cha ofisini. Mchana walijifunza. Jioni walirudi kwenye mawimbi mafupi. Nyumba nyingi nilizozijua Ruwi na Wadi Kabir zilikuwa na waya mrefu juu ya paa, umefungwa kwenye bomba la tangi la maji, unaingia ndani kupitia dirishani. Kwenye uso wa redio kulikuwa na namba 16, 19, 25, 31, 49, na watoto walizijua kabla ya kujua hesabu za kugawanya. Hizo ni mita, yaani urefu wa wimbi. Namba kubwa ni za usiku, ndogo ni za mchana. Betri zikichoka zilianikwa juani zikapata nguvu ya siku moja zaidi, desturi tuliyokuja nayo kutoka nyumbani.

London na Cologne zilikuja vizuri. Lakini iliyokuwa ikitafutwa kwa hamu ni ya Unguja. Mtambo wa mawimbi mafupi wa Zanzibar uko Dole, nje kidogo ya mji, na masafa yake yaliyojulikana na wasikilizaji wa dunia nzima ni kilohezi 11735, katika bendi ya mita 25. Kuna wazungu wa Ulaya ya Kaskazini wasiojua neno moja la Kiswahili ambao kwa miaka wamekuwa wakikesha kutafuta namba hiyo, kwa sababu kuipata stesheni ya kisiwa kidogo cha mbali ni kwao kama kupata stempu adimu. Sisi tulikuwa tukitafuta kitu chengine: taarabu ya usiku, salamu, na matangazo ya vifo.

Haya matangazo ya vifo yanastahili kuelezwa, kwa sababu wageni huyashangaa. Redio ya Zanzibar husoma tanzia: jina la marehemu, watoto wake, ndugu zake na pahala walipo, maiti yatatoka wapi na yatazikwa wapi na saa ngapi. Katika miaka ambayo simu ya kimataifa ilikuwa ya kubahatisha na barua ilichukua wiki tatu, aliyeko Maskati aliweza kusikia jina la ami yake siku ile ile ya maziko. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na daftari. Akisikia jina la mtu mwenye jamaa Omani, aliliandika, na baada ya sala ya Isha akaenda kugonga mlango. Leo WhatsApp inafanya kazi hiyo kwa sekunde, nami siwezi kusema kuwa nilitaka tusubiri tanzia kwa redio. Lakini tanzia ya redio ilisomwa kwa kila mtu. Ya WhatsApp inawafikia waliomo kwenye kundi.

Watu wachache wanajua kuwa ardhi ya Omani yenyewe imekuwa nguzo ya redio za kimataifa. Mwaka 1969 BBC iliweka mitambo ya kurushia matangazo kwenye kisiwa cha Masira, na mwaka 2002 kazi hiyo ikahamia A'Seela, pwani ya mashariki karibu na Al Ashkharah. Mtangazaji alisoma London, sauti ikafika Omani, na kutoka hapo ikarushwa kuelekea Ghuba na Asia. Wanaokimbilia upepo wa Al Ashkharah wakati wa joto hupita jirani na eneo hilo bila ya kuuliza minara ile ni ya nini. Omani nayo ina mtambo wake wa mawimbi mafupi kusini, Thumrait.

Kinachoimaliza

Fedha ni ya kwanza, na sioni haja ya kuzunguka. Mtambo wa mawimbi mafupi wa kilowati 250 unakula umeme zaidi ya hizo 250 kila dakika uwapo hewani, na unataka mafundi ambao wengi wao wanakaribia kustaafu. Septemba 2022 BBC ilitangaza mpango wa kufunga redio za lugha kumi, kikiwemo Kiarabu, Kifarsi, Kihindi na Kiurdu, na kupunguza nafasi za kazi 382. Hoja yao ilikuwa kwamba wasikilizaji wamehamia kwenye simu. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Kiswahili hakikuwemo katika orodha ya zile redio kumi, lakini aliyesoma orodha ile akaona Kiarabu, lugha iliyoanza kabla ya zote, hawezi kulala akiamini kuwa lugha yake ina kinga.

Pili ni kelele. Geuza redio ya mawimbi mafupi ndani ya fleti ya Al Khuwair au Deira usikie mwenyewe: taa za LED, chaja za simu, kisanduku cha intaneti, mashine ya kiyoyozi, vyote vinatoa mvumo unaofunika sauti dhaifu iliyosafiri kilomita elfu nne. Zege na chuma vinamalizia kazi. Mababu zetu walikuwa na paa na waya. Wajukuu wanaishi ghorofa ya saba na mkataba unaokataza hata kutundika nguo.

Tatu ni kwamba chombo chenyewe kinatoweka. Simu nyingi za bei nafuu zina redio ya FM ndani, inayotumia waya wa visikizi kuwa antena, lakini iPhone tangu toleo la 7 hazina. Kampuni kadhaa za magari ya umeme zimeondoa mawimbi ya AM kwa sababu mota zake huyavuruga. Duka linalouza redio yenye mawimbi mafupi siku hizi huiweka chini kabisa, baina ya tochi na pasi.

Vijana? Wengi huwalaumu. Mimi siwalaumu. Wana podikasti, wana taarabu ya Ikhwani Safaa kwenye YouTube kwa wakati wanaoutaka, na hata mimi huisikiliza huko huko. Na FM za Omani zenyewe, tangu stesheni binafsi ziruhusiwe hewani mwaka 2007, zina wasikilizaji wengi barabarani. Kijana anayesikiliza FM kwenye foleni ya Sultan Qaboos Street asubuhi hajaiacha redio. Alichokiacha ni redio ya mbali, na ile ya mbali ndiyo iliyokuwa ikisema Kiswahili.

Siku inapozimika intaneti

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema wacha ife. Tazama yaliyotokea baada ya kufungwa redio ya Kiarabu ya BBC. Ilizimwa mwisho wa Januari 2023. Vita vya Sudan vilizuka tarehe 15 Aprili. Mapema Mei BBC ilibidi irudi kwenye mawimbi mafupi kwa kipindi cha dharura cha Kiarabu kwa ajili ya Wasudani, kwa sababu umeme na mitandao ya simu ilikuwa imevurugika Khartoum. Haikufika miezi minne. Novemba mwaka huo huo wakafungua kipindi chengine cha dharura kwa Gaza, safari hii kwa mawimbi ya kati. Mtambo waliuona mzigo wakati wa amani, na vita vilipokuja ukawa ndio njia iliyobaki.

Burundi inatufundisha jengine, na kwa kuwa miongoni mwetu kuna waliozaliwa Bujumbura na kukulia mitaa ya Waswahili ya huko, linatuhusu. Mashirika ya nje yalipohama kutoka mawimbi mafupi kwenda FM za ndani ya nchi, yalipata sauti safi lakini yalikubali kukaa kwa ruhusa ya mwenyeji. Mei 2018 Burundi iliisimamisha BBC na Sauti ya Amerika, na Machi 2019 BBC ikafutiwa leseni moja kwa moja. Mtambo wa FM uko ndani ya nchi, na afisa mmoja mwenye karatasi anauzima. Mtambo wa mawimbi mafupi uko nchi nyengine, na hata akiuvuruga kwa kelele hawezi kufunika kila pembe.

Kisha yakaja ya nyumbani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Aliyekuwa na mama Michenzani au mtoto chuoni Dar es Salaam anazikumbuka siku zile vizuri. Ujumbe unabaki na alama moja ya tiki, simu inaita bila ya kupokewa, na kila mtu Ghuba nzima anamuuliza mwenzake umesikia nini. Sauti ya Amerika, ambayo wazee wetu wangeifungua katika siku kama hiyo, ilikuwa imeshazimwa miezi saba kabla.

Wala si lazima mtu azime kwa makusudi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilizopita mwambao wa Afrika ya Mashariki zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kukokotwa kwa siku kadhaa. Septemba 2025 nyaya za Bahari ya Shamu karibu na Jeddah zilikatika, na safari hii ni sisi wa Ghuba tulioona video zinazunguka bila ya kufunguka. Unguja ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila ya umeme wa waya kutoka Bara. Kuchaji simu kukawa biashara ya wenye majenereta, na redio ya betri mbili ikapanda cheo ndani ya nyumba. Hapa Omani, walioishi Gonu ya Juni 2007 wanajua kilichotokea kwa umeme, maji na simu katika mitaa ya Qurum, na watu wa Suwaiq na Khaburah walipitia yao kwenye Shaheen, Oktoba 2021. Ndani ya gari lililosimama juu ya kilima, redio ilikuwa inafanya kazi.

Norway na Uswisi

Wanaopenda kusema kuwa mambo yameshaamuliwa huitaja Norway, nchi ya kwanza kuzima FM ya stesheni za kitaifa na kuhamia mfumo wa dijitali wa DAB. Ilianza Januari 2017 na kumaliza Desemba mwaka huo. Ilikuwa nchi tajiri, yenye watu wachache na milima mingi iliyofanya FM kuwa ghali, na hata hivyo watu walilalamika kwa kulazimishwa kununua redio mpya. Shirika la utangazaji la Uswisi lilizima FM yake tarehe 31 Desemba 2024, likapoteza sehemu ya wasikilizaji kwa stesheni zilizobaki, na mwaka 2025 bungeni ikaibuka hoja ya kuiachia FM iendelee kupita mwisho wa 2026. Kwa nchi zetu za mwambao sioni FM ikizimwa karibuni. Redio za jamii kama ya Micheweni na ya Tumbatu zinaishi kwa mtambo mdogo, watu wachache wa kujitolea na khabari ambazo hakuna mwengine atakayezitangaza: upepo wa kesho, kisima kilichokauka, mtoto aliyepotea.

Kanda

Kuna upande mmoja wa jambo hili ambao haungojei maamuzi ya London wala Washington. Redio ilikuwa pia ghala. Sauti ya Unguja na warithi wake, ambao leo ni ZBC, walirikodi taarabu, mashairi, hotuba, ngano na mahojiano kwa miongo kadhaa. Dar es Salaam kuna maelfu ya kanda za rili za iliyokuwa Redio Tanzania. Kanda ya sumaku haipendi joto wala unyevu, na mwambao una vyote viwili. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku hulainika, kanda inanata, na ikichezwa mara moja bila ya uangalifu unga unabanduka na sauti inakwenda nao. Mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena kwa wingi, na vipuri hutafutwa kwa mafundi wazee. Kazi ya kuzihamishia kwenye dijitali imekuwa ikianza na kusimama.

Omani kuna wenye uwezo wa kusaidia kazi hiyo, na kuna sababu ya wao kuisaidia, kwa kuwa sauti zilizomo ndani ya kanda zile ni za bibi zao. Na majumbani kwetu kuna akiba ambayo haimo katika orodha ya shirika lolote. Wengi walikuwa wakirikodi kutoka redioni kwa kaseti: taarabu ya Idi, mashairi ya wasikilizaji, sauti ya jamaa aliyetuma salamu akataja majina ya mtaa mzima. Kaseti hizo ziko kwenye masanduku ya juu ya kabati, Maskati, Al Ain, London, na kila mwaka baadhi yake zinatupwa nyumba inapohamwa. Mwenye nazo asizicheze kwanza kwenye mashine kongwe ya kwenye gari. Azipeleke kwa fundi, aandike juu ya kila moja jina la stesheni na mwaka kama anaukumbuka, na ahifadhi nakala mbili pahala pawili.

Kuhusu mawimbi mafupi, tegemeo langu ni dogo. Yatapungua mpaka yabaki vituo vichache vya Serikali kubwa, China ikiwa mbele, na vituo vya dini. Mitambo ya dharura itawashwa kila vita vinapozuka, ikiwa itakuwepo mitambo ya kuwashwa. Nayo Dole imekuwa ikisikika na kupotea, msimu huu ipo, msimu ule haipo. Anayetaka kujaribu atafute redio ndogo yenye mawimbi mafupi na kioo cha namba, si ile ya sindano, atoke nje ya fleti, apande kwenye paa au aende ufukweni mbali na taa, baada ya Magharibi, wakati Unguja nako giza linaingia. Aweke 11735. Akisikia mvumo mtupu, asogee hatua kadhaa, aishike antena kwa mkono, asubiri dakika kumi.